Spika Isiyoingia Maji Kwenye Mazishi ya Nyaramba

Dukani kwetu mjini Kisii tunauza spika ndogo ya Bluetooth ambayo boksi lake linasema haiingii maji. Mimi ni mtoto wa ziwani, maji nayajua, na boksi siliamini ng'o. Niliizamisha kwenye ndoo, ikaendelea kuimba. Lakini ndoo si mvua ya Gusii. Kabla sijamwapia mteja, nilitaka kuiona nje.

Ndipo Nyakundi, mwenzangu wa kaunta, akafiwa na mama yake. Dada yake Kwamboka anafanya kazi za nyumbani Uarabuni, na tajiri wake alimnyima ruhusa ya kuja kuzika.

"Akinyi, kuja na hiyo spika," Nyakundi aliniambia kwa simu. "Kwamboka anataka kuongea na mama kabla hatujamfunika. Mvua ikinyesha, vyombo vya sauti vya kukodi vitazimwa."

Ijumaa asubuhi niliondoka na pikapu iliyobeba viti vya matanga, spika mapajani ikipiga nyimbo za kwaya.

"Kitu kadogo hivi kinapiga kelele yote hii? Niuzie," dereva akasema.

"Ngoja irudi ikiwa hai."

Kebirigo mvua ikatupokea. Kutoka hapo nilipanda bodaboda, spika ikining'inia shingoni. Nililowa hadi mifupa, nayo ikaimba njia nzima. Kwa upande wa maji, niliipa maksi zote.

Nyaramba, kwao Nyakundi, nilifika baada ya saa sita. Boma liko kwenye mteremko, majani chai juu, kaburi chini karibu na migomba. Vyombo vya kukodi vilikuwa vimefunikwa kwa nailoni, kimya. Nyakundi alinishika mkono bila kuuachilia. Nikasema pole, maana lugha yoyote hukwama hapo.

Niliijaribu spika. Mwisho wa turubai maneno yalisikika, ila besi ilipotelea hewani. Ukuta ukiingia kati yake na simu, inakatakata. Kwa hiyo niliiweka juu ya rundo la udongo, kando ya kaburi, Nyakundi akasimama karibu na simu yake.

Kaburini mtandao ukatugomea. Alipiga, akapiga tena. Mchungaji akatazama mawingu: Sabato ingeingia jua likizama, na maji yalikuwa yanajaa shimoni. Wazee wakaamua jeneza literemshwe. Vijana wakashika koleo.

"Subirini basi, jamani!" nikapaza sauti. Hasira ilinipanda. Lakini mgeni hana kura kwenye kaburi la wenyewe, nao wakaendelea.

Udongo ulikuwa umeanza kugonga mbao spika ilipokohoa.

"Baba! Baba!"

Kwa Abagusii, baba ni mama. Hilo nalijua. Kisha Kwamboka akauliza jambo moja, na vijana wote wakasimama.

"Ameuliza ni nini hiyo inagonga," Nyakundi akaninong'oneza.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba spika ile ina kipaza sauti chake. Ukipiga simu, inayosikia si simu, ni spika yenyewe. Wateja wetu huitaka kwa muziki tu, hakuna anayeulizia sikio. Nami nilikuwa nimelitega sikio hilo mdomoni mwa kaburi.

Shangazi mmoja alimjibu kwamba ni mvua. Nyakundi alinitafsiria jibu la Kwamboka machozi yakimtoka: "Mvua naijua. Mmemfunika. Basi endeleeni, lakini msinizime, nisikie."

Hakuna aliyetaka kuendelea. Mwishowe Nyakundi mwenyewe akachukua koleo. Hatukuimba. Alikuwa akitupia udongo, na spika ikilia kwa sauti iliyofika hadi majani chai.

Halafu sauti ya mwanamke mwingine, kali, ikaita jina la Kwamboka ikilivuruga. Boma zima lilisikia. Kwamboka akapenga kamasi.

"Ndiyo, madam. Nakuja, madam," akajibu kwa Kiingereza. Simu ikakatika.

Jioni, Kisii, niliisuuza spika tope chini ya bomba, ikawaka. Nilichojifunza nimemwambia tajiri wetu: mvua inaihimili, watu wa turubai moja inawatosha, na kipaza sauti chake ni kizuri kupita kiasi. Mteja wa matanga lazima aambiwe hivyo kabla hajalipa.

Nyakundi aliporudi kaunta, nilimuuliza Kwamboka alitaka kumwambia mama nini.

"Nilimuuliza," akasema. "Anasema hayo yalikuwa ya mama."