Kuhojiwa Baada ya Kula

Miaka ile ya mwanzo ya uhuru, fundi wa magari wa mtaa wa Buyenzi hakuhitaji kuiba ili akamatwe. Ilitosha gari la mkubwa kukosa kitu. Mimi nilikamatwa kwa ajili ya tairi la akiba. Mwenye gari alikuwa karani wa serikali, mkazi wa Ngagara, mtu wa tai shingoni hata siku ya jua kali. Nilimtengenezea breki, akalipeleka gari nyumbani, siku ya pili akafungua buti: tairi hakuna. Basi mwizi ni nani kama si fundi?

Kituoni walinivua mkanda na viatu, wakaniweka chumba kimoja na kijana mkimbizi kutoka Kongo, mkazi wa Kinama, aliyekamatwa sokoni kwa kukosa kitambulisho. Haki za mshukiwa? Nadhani zilikuwepo, kwa Kifaransa, ndani ya kabati. Sisi wa Buyenzi tulijua haki moja tu: serikali haikulishi, kwa hiyo haiwezi kumzuia mkeo kukuletea chakula.

Mchana nikaitwa kwa ofisa mpelelezi. Mezani palikuwa na karatasi iliyokwisha kupigwa taipu, na kando yake fimbo ya mpira.

"Tia kidole hapa, tumalize," akasema. "Ao unataka tuanze?"

Niliogopa, sifichi. Nilikuwa nimeanza kufikiria kwamba huenda kweli tairi nililichukua. Hapo mke wangu akapiga hodi, akajikaribisha mwenyewe, sinia kichwani.

"Pardoni, shefu," akasema. "Mutu hajakula, munamuuliza nini? Kwetu hata mugeni hatumuulizi habari mbele ya kula."

"Mama, hapa si kwenu."

"Najua. Ndiyo maana nimeleta ya kutosha watu wote."

Akafunua: wali, samaki mukeke wa kukaanga, mboga za lengalenga za mawese. Ofisa alikuwa mkali, lakini alikuwa pia mtoto wa mama fulani, na kumfukuza mwanamke aliyekuja na chakula ni aibu inayomfikia mtu mpaka kwao. Akanawa. Tukala yeye, mimi na askari wa mlangoni, mikono mitatu ikikutana kwenye samaki mmoja. Mke wangu alisimama pembeni akiwahimiza waongeze.

Ukishakula na mtu sinia moja, fimbo unaishikaje? Ofisa alicheua, akaitazama fimbo, akanitazama mimi, akakasirika kama mtu aliyeibiwa.

"Rudi ndani. Tutaongea kesho."

Nilirudi nikijiona mjanja wa mji mzima, nikamsimulia yule kijana kisa chote. Tulicheka mpaka askari akagonga mlango. Kisha kijana akaniuliza, "Na mi, nani ataniletea?"

Papo hapo akaitwa yeye kwa ofisa.

Asubuhi ofisa alinifungulia kwa bashasha. Mwizi wa tairi amepatikana, akasema. Yule mkimbizi amekubali mwenyewe na kidole ametia. Nilikuwa bado nafunga viatu pale karani wa Ngagara alipofika, mnyonge, tairi likiwa ndani ya buti. Shemeji yake alikuwa ameliazima kwenda nalo Gatumba, akasahau kusema.

Sote tukalitazama tairi. Nikasema kwa sauti ambayo jana yake nisingethubutu kuitoa:

"Shefu, sasa yule kijana aliiba nini?"

Akamwambia askari amtoe na yeye, haraka.

Nilimchukua mpaka nyumbani, akitembea nyuma yangu. Mke wangu alitandika mkeka, akaweka chakula, akatumiminia maji. Kijana alijaribu kumega tonge, likamponyoka. Akajaribu tena. Halafu akautazama mkono wake wa kulia uliovimba, akainamisha kichwa, na kwa adabu kubwa akatuomba ruhusa ale kwa mkono wa kushoto.