Siku za Ng'ombe Alizihesabu, Zake Alizificha

Saa kumi na moja alfajiri ukungu wa Bashay bado umelalia zizi la kijiji, na Letisia Tluway amekwisha kukaa kwenye kigoda chake. Paji la uso wake linaegemea ubavu wa ng'ombe aitwaye Madoa. Maziwa yanalia ndani ya kibuyu. Anapomaliza haondoki. Anatoa kisu kidogo, anaiendea nguzo ya mlango na kukata alama moja.

Kila ng'ombe ana safu yake katika nguzo hiyo. Siku Madoa alipotaka dume ilikatwa alama ndefu, na kila asubuhi iliyofuata alama fupi, mpaka zitimie ishirini na moja. Kwa ng'ombe kumi na sita wa kijiji, Letisia hajakosea hata mmoja.

"Muulizeni Mama Nicodemo," anasema Mzee Akonaay, msimamizi wa mifugo, akipokea kibuyu. "Anajua siku za ng'ombe kuliko ng'ombe wenyewe!"

Wakamuaji wanacheka. Letisia anainama kufunga kamba ambayo haijafunguka.

Ana umri wa miaka thelathini na tisa na ni mama wa watoto sita, wa kwanza akiwa Nicodemo. Yeye na mumewe walihamia hapa mwaka juzi, 1974, kijiji cha ujamaa kilipoanzishwa. Kwa kuwa alikulia katika nyumba ya wafugaji, alichaguliwa kuwa mmoja wa wakamuaji wanne. Jioni mbili kwa wiki huhudhuria kisomo cha watu wazima.

Zizi hili lina desturi yake. Mkamuaji aliye katika siku zake hashiki maziwa, yasije yakaharibika. Hutundika kibuyu chake kwenye ua, mdomo ukitazama chini, na mwenzake humkamulia. Hakuna anayeuliza neno. Kila apitaye hukiona kibuyu na kuelewa.

Kwa Letisia, kibuyu hicho kiligeuka kuwa adui. Tangu mwaka jana damu imekuwa ikija bila utaratibu. Mwezi mmoja ilikaa siku kumi na moja. Ikakauka siku tisa, ikarudi tena.

"Ningekitundika kila siku," anasema kwa sauti ndogo, macho yakiwa kwenye vidole vyake. "Watu wangesema, huyu mama mzima ana nini? Basi siku ya nne nilikuwa nakitwaa na kukamua, kana kwamba nimemaliza."

Mumewe hakuambiwa. Vitambaa alivifua kabla hakujapambazuka na kuvianika chini ya gunia, ambako jua halivifikii.

Mwezi wa Machi, maziwa ya Madoa yalitoka na nyuzi za damu. Mzee Akonaay aliwakusanya wakamuaji mbele ya ng'ombe wote na kuuliza ni nani aliyekamua akiwa katika siku zake. Ndipo mmoja akakumbuka kwamba Zita, binti wa miaka kumi na saba, hakuwa ametundika kibuyu mwezi huo.

"Siku zangu hazijafika, mzee," Zita alisema.

"Hazijafika, au umezificha?"

Letisia alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwa binti huyo. Siku hiyo ilikuwa ya nane kwake tangu damu ianze. Alitazama kwato za Madoa. Zita aliondolewa kazini mchana ule, na jina la mficha siku likamfuata hadi kisimani.

"Nilifungua mdomo," Letisia anasema. "Naapa niliufungua. Halafu nikaufunga."

Wiki tatu baadaye alianguka darasani, chaki ikiwa mkononi. Walimpeleka zahanati kwa Nesi Verediana, mwenyeji wa Bukoba aliyepangiwa kazi hapa. Nesi aliivuta chini kope ya jicho lake na kuiona nyeupe kwa ndani, dalili ya upungufu wa damu.

"Hedhi yako ya mwisho ilianza lini, mama?"

"Sijui, nesi."

"Na yule ng'ombe wenu mwenye madoa, alitaka dume lini?"

"Jumanne ya wiki iliyopita, asubuhi."

Nesi Verediana aliweka kalamu mezani. "Mama yangu! Za ng'ombe unazo kichwani, zako nani akuhesabie?"

Letisia alilia. Nesi alimwacha alie, kisha akamfundisha. Hesabu huanza siku ya kwanza ya damu na kuishia siku ya kwanza ya damu inayofuata. Kwa wanawake wengi huwa siku ishirini na moja hadi thelathini na tano. Damu ikizidi siku saba, ikirudi katikati, ikiwa nyingi kiasi cha kulowesha kitambaa kila saa, au ikipotea miezi mitatu bila mimba, mwanamke aende akapimwe. Vitambaa vianikwe juani.

"Na maziwa?" Letisia aliuliza. "Si mimi niliyeyaharibu?"

"Damu yako haina njia ya kuingia kwenye kiwele cha ng'ombe. Mwiteni bwana mifugo."

Bwana mifugo alikuja, akalikuta titi moja la Madoa limevimba, akatoa dawa. Wazee walisikia, wakashukuru, wakarudi kwenye kazi zao. Hakuna aliyekwenda kumwita Zita.

Hospitalini Mbulu, Letisia aliambiwa ana uvimbe mdogo katika mji wa mimba. Anameza vidonge vya kuongeza damu na anarudi kupimwa kila mwezi. Mumewe sasa anajua. Ndiye anayempeleka kwa baiskeli.

Wiki iliyopita alikwenda nyumbani kwa Zita. Binti alimwamkia shikamoo bila kuinua macho kutoka kwenye ungo. Letisia alimweleza yote.

"Unaniambia mimi, mama?" Zita alijibu. "Mimi nilikuwa najua kwamba si mimi. Kayaseme pale nilipoambiwa, mbele ya walewale. Usipoyasema, sirudi."

Jumamosi wakamuaji watakutana zizini na Mzee Akonaay. Letisia ameomba nafasi, na Nesi Verediana ameahidi kufika, awaeleze wanawake wengine namna ya kuhesabu. Kwenye nguzo, upande wa nyuma, ipo safu mpya ya alama. Letisia anaionyesha haraka, kisha anaifunika kwa kiganja.

Anatoa daftari la kisomo lililokunjwa ndani ya kanga. Katika ukurasa wa mwisho kuna mstari mmoja wa herufi kubwa, uliofutwa na kuandikwa upya mara nyingi hadi karatasi imetoboka: ALIYEKUWA KATIKA SIKU ZAKE NI MIMI LETISIA.

"Najijua," anasema. "Nikiwaona wote, nitafungua mdomo na kuufunga tena. Sauti ikinikataa, nitasoma."