Sungura Aliyepungua kwa Baraka

Jamani, mkitaka kunicheka chekeni tu, maana hata leo nikipita karibu na parokia yetu hapa Gitega najifunika kitenge usoni, na aliyeniponza si shetani, ni ubahili wangu mwenyewe.

Parokia iligawa sungura kwa akina mama wa mradi, kwa sharti moja: jike wa kwanza utakayemkuza unampa jirani naye aanze kufuga (wenyewe tunaita kwitura), tena unampa mbele ya watu, misa ikiisha. Wa kwangu alikuwa mnene, mweupe, nikamwita Malkia, na jirani yangu Mama Divine, mjane asiye na hata kuku, alikuwa ameshamjengea kibanda. Jumapili ilipofika roho ikakataa. Nikasema, kwani nani atajua yupi ni yupi? Nikamchukua mdogo wake, yule aliyekonda mbavu nje.

Sasa mimi ni msusi (balaa lenyewe ndilo hilo). Nikamwosha kwa shampuu ya wateja, nikamkausha kwa mashine ya nywele huku nachana manyoya kwenda juu, akafura, akawa donge la pamba, mpaka nikajisifu mwenyewe, wee Speciose, una mkono!

Kanisani makofi yakapigwa, Mama Divine akampokea machozi yanamtoka, na mambo yangeishia hapo, lakini Padri akasema lazima mnyama abarikiwe kwanza, akaomba maji ya baraka, na Padri wetu hanyunyizi, anamwaga. Manyoya yakalala, yakashikana, sungura akanywea pale pale mikononi hadi yakabaki masikio na macho.

Mama Divine akanigeukia: "Yewe jirani, mbona sungura iko napungua? Baraka inakula nyama?"

Kicheko kilicholipuka, wanakwaya waliangusha vitabu! Nami badala ya kunyamaza nikaongeza ujinga: "Padri, ni baridi tu, akikauka atafura tena!"

"Haya, tusubiri akauke," Padri akasema, akavuta kiti. Na kweli akaketi, na watu wote wakabaki wananitazama.

Ilibidi nikimbie nyumbani viatu mkononi, nikarudi na Malkia huku nalia (sijui nilimlilia sungura au nililia aibu). Nilipomkabidhi, Mama Divine hakucheka tena, akaninong'oneza, "Hata ule mdogo ningeshukuru, jirani. Kwa nini ulinidanganya?"

Vicheko vya kanisa zima nilivimeza, lakini swali hilo lilinichoma moyo.

Tangu siku hiyo nimeapa, kitu cha kumpa mtu nachagua kile kinachoniuma kukiachia. Kisiponiuma, najua nataka kumdanganya tena.