Sauti Niliyoipiga Randa

Mbao haitoki msituni ikiwa imenyooka. Hilo ndilo lilikuwa jibu langu kwa kila aliyekuja dukani kwangu Nangurukuru kunisema kwamba nawadanganya watu. Seremala anapiga randa, anapiga msasa, anapaka vanishi, na sijamwona mtu akikaa kwenye kiti kizuri akamwita seremala tapeli. Basi na mimi, kijana akiniletea sauti yenye vifundo nikaiondolea vifundo, kosa langu liko wapi? Nilikuwa nalisema kwa ukali, maana nilishachoka kuulizwa.

Duka lilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Mbele niliuza chaja na kuwawekea abiria nyimbo kwenye memori kadi kabla basi halijaondoka. Nyuma nilibandika trei za mayai ukutani, nikatundika maiki, nikasimamisha godoro kuukuu mlangoni, na hiyo ndiyo ikawa studio. Kwenye kompyuta nilikuwa na programu ya kunyoosha sauti, ile vijana wanayoiita otochuni. Unarekodi, sauti inajichora kwenye kioo kama mstari unaopanda na kushuka, na pale mwimbaji alipokosea unaushika mstari kwa kipanya na kuuvuta ukae mahali pake. Walikuja vijana wa singeli, vikundi vya kaswida, kwaya kutoka milimani Umatumbi. Wote niliwanyoosha na wote waliondoka wakicheka, isipokuwa mwalimu mmoja wa kwaya aliyesikiliza kazi hadi mwisho kisha akauliza, "Sasa wale watu wangu wako wapi humu?" Nikamwona ni mzee wa kulalamika tu, nikamfungulia mlango.

Mke wangu alifariki binti yetu akiwa na miaka tisa. Alikuwa mtu wa Sudi, na alikuwa na tabia ya kuimba akipepeta mchele. Mwimbaji hakuwa. Kila mstari aliumaliza kwa kuishusha sauti chini kidogo ya pale ilipotakiwa kuishia, taratibu, kama mtu mzima anavyojishusha kukaa mkekani. Nilikuwa nikimtania, namwambia, "Wewe huimbi, unakaa." Anacheka, anarusha mchele, anakaa tena. Sikuwahi kumrekodi. Mtu mzima mwenye studio nyuma ya pazia sikumrekodi mke wangu hata mara moja, kwa sababu alikuwepo kila siku.

Binti alipofika miaka kumi na sita alikuwa akiimba kaswida kwenye madrasa ya kwetu Tingi. Ustadhi wake alitunga moja juu ya subira ya akina mama, na redio moja ya huku kwetu ilikuwa ikipokea kaswida za kuchezwa mwezi wa Ramadhani. Akaja dukani baada ya alasiri, amevaa mtandio wake wa Idi kana kwamba maiki ina macho. Aliimba mara moja tu, bila kurudia. Alipomaliza akaniambia, "Baba, iache hivyohivyo." Nikamwambia sawa.

Alipoondoka nikaisikiliza. Sauti nzuri, lakini mwisho wa kila mstari ilishuka. Niliona kazi, sikuona kingine. Nikajiambia watu ni wakali, na sitaki mtoto wangu asiye na mama achekwe na wilaya nzima. Nikaushika mwisho wa mstari wa kwanza nikauvuta juu, nikashika wa pili, nikaenda hadi mwisho. Haikunichukua hata nusu saa. Kompyuta ilikuwa imejaa, basi nikahifadhi mpya juu ya ya zamani.

Ilichezwa karibu na magharibi, tumekaa na tende na uji tukingoja adhana. Binti aliinamia redio akitabasamu, kisha tabasamu likapungua. "Mbona nasikika hivyo?" akauliza. Nikamwambia ni mitambo yao. Futari haijaisha simu ikaita, mama mkwe wangu kutoka Sudi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimemsikia mjukuu wangu. Kaimba, alhamdulillahi. Ila pale mwishoni, pale penye mama yake, mbona hapapo?"

Na yeye nikamwambia ni mitambo. Lakini kikombe nilikiweka chini, uji sikuumaliza. Miaka saba nilikuwa nikililia sauti ya yule mwanamke, kumbe ilipita mbele yangu, kutoka kwenye kinywa cha mwanawe, na mimi nikaivuta kwa kipanya. Asubuhi yake niliwahi dukani, nikaitafuta ile rekodi ya kwanza kila mahali kompyuta inapoweza kuficha kitu, hadi adhuhuri. Haikuwepo.

Ningemwambia siku ile, huenda mambo yangekuwa mengine. Sikumwambia. Ikaja Maulidi, akaombwa aongoze kaswida yake mbele ya watu. Wasichana wa kumwitikia walikuwa wamejifunza kwenye simu zao, kwa ile ya redioni. Mstari wa kwanza ulipofika mwisho yeye akashuka, wao wakabaki juu, sauti zikagongana. Mstari wa pili vilevile. Upande wa wanawake ukaanza kunong'ona, na mmoja akasema bila kuificha sauti yake, "Siyo huyu wa redioni." Mwanangu aliimba hadi neno la mwisho. Kisha akaiweka maiki chini kwa uangalifu na kwenda kukaa.

Nyumbani hakulia. Alisimama mlangoni na mtandio mkononi.

"Baba, uliigusa?"

"Kidogo."

"Nilikuomba."

"Sikutaka wakucheke, mama."

"Wamenicheka leo." Akaukunja mtandio, akasema, "Kumbe ile sauti ya mama ulikuwa huipendi."

Niliipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kukisikia, na nilishindwa kusema hivyo. Akaenda kulala, na tangu siku hiyo hakuimba tena ndani ya nyumba yangu, si akifua, si akikuna nazi. Nami nikabandua zile trei za mayai, nikabaki na chaja na memori kadi zangu.

Watu bado wananiuliza kama ile kazi ni sanaa au ni udanganyifu. Siku hizi sijibu kwa ukali. Zamani zile kijana mmoja wa singeli alinitaka nimfanye asikike kama mashine, nikamfanya, na kila aliyesikiliza alijua. Hapo sioni hila. Mwanangu aliniomba nisiiguse, nikasema sawa.

Majuto ni mjukuu, na kwangu yalikuja na mjukuu kweli. Binti aliolewa Lindi mjini, na mimba yake ya kwanza akaja kujifungulia kwetu. Bibi yake akapanda basi kutoka Sudi kuja kumlea hadi arobaini. Siku moja nikafunga duka mapema, nikafika nyuma ya nyumba, na nikiwa nje ya ua wa makuti nikasikia. Binti alikuwa anambembeleza mtoto. Mstari ulienda, ukafika mwisho, ukakaa mkekani.

Mwanaume haingii uani penye mzazi bila hodi, hata kama ua ameujenga mwenyewe. Nikakohoa, nikapiga hodi. Sauti ikakatika palepale. "Karibu, baba," akasema.

Kesho yake sikupiga hodi. Nilisimama nje, mgongo kwenye makuti, nikasikiliza hadi mtoto akalala, kisha nikazunguka nikaingia kwa mlango wa mbele kama mtu aliyetoka mbali. Nikafanya hivyo siku baada ya siku, mzee wa makamo, anajibanza nje ya nyumba yake kama mwizi wa kuku. Sikuona aibu. Wakati mwingine machozi yalinitoka nikayaacha.

Siku ya thelathini na tisa mama mkwe alinifuata barazani na kahawa.

"Mwanangu," akasema, "ule ua wako haufiki chini."

"Umeliwa na mchwa, mama. Nitauziba."

"Usiuzibe. Ndara zako zinaonekana. Na mwanao anaziona."

Nilimuuliza tangu lini.

"Tangu siku ya kwanza," akasema, akanimiminia kahawa.

Siku ya arobaini gari la kumrudisha Lindi lilikuwa lije baada ya adhuhuri. Nikaenda mahali pangu, nikasimama, ndara zangu nikazisogeza karibu na uwazi. Akaanza. Nilikuwa na simu mfukoni na nikaitoa, kidole kikafika kwenye kitufe cha kurekodi. Kisha nikajifikiria, nikafikiria na kompyuta iliyopo dukani, na nikairudisha simu mfukoni. Ilitosha kuvunja ahadi mara moja. Aliimba ule wimbo wote, polepole, na mwisho wa kila mstari alishuka. Wakati wa kuagana alinishika mkono akanambia nijitunze. Juu ya kuimba hatukusema neno, wala mimi sikuomba msamaha, ingawa nilikuwa nimekaa nao mdomoni siku nzima. Gari likaondoka.

Sasa nikiwa dukani, mvua inapowazuia abiria na hakuna mteja, hujaribu kuikumbuka sauti ya mke wangu. Ungo naukumbuka, mchele ukirushwa naukumbuka, hata kicheko chake. Lakini sikio langu limeizoea kazi yake. Naifuata sauti taratibu hadi mwisho wa mstari, nangoja ishuke, na kila mara inapanda ikakaa mahali pake.