Yule Mtu Niliyemtunga

Watu wakiniuliza mtu wa hadithi anatoka wapi, huwa nawajibu kwa adabu. Leo sina adabu. Mtu wangu wa kwanza alitoka kwenye kidole changu cha mguu, Kindu, enzi za Zaire, na hasira yake ninayo mpaka leo.

Nilikuwa msichana wa mwaka wa nne wa sekondari. Mwalimu wetu wa Kifaransa, kijana wa abakosi, ile suti isiyo na tai, iliyonyooshwa pasi, kila Jumamosi alitupa swali moja. Siku hiyo akauliza: "Unafanya nini ukiwa peke yako, kitu usichotaka mtu akione?" Kwanza tujijibu moyoni. Halafu jibu hilo tumpe mtu wa kubuni, mtu mzima mwenye kazi na nyumba yake, tumwandike kwenye kaye, daftari la mazoezi.

"Musiogope," akasema, "hizi kaye nasoma miye peke yangu."

Peke yake! Mwongo mkubwa yule.

Jibu langu lilikuwa hili: funza akiniingia kidoleni, nilimchokoa kwa pini ya beji ya chama, ile yenye picha ya Rais, ambayo baba alivaa kifuani kila asubuhi akienda kazini kwenye reli. Basi nikatunga mzee mwenye cheo, anayepiga makofi kuwashinda wote mkutanoni, kumbe akirudi nyumbani anavua beji na kujitoa funza nayo huku akiimba wimbo wa chama. Nilicheka mwenyewe nikiandika. Nikapata kumi na nane juu ya ishirini.

Mwalimu akanogewa, akaisoma kwa sauti mbele ya walimu wenzake. Wiki haikuisha, mimi na baba tukaitwa ofisini kwa direkta wa shule. Mzee wa kamati ya chama alikuwa amekaa, kaye yangu magotini.

"Sitwayeni," akamwambia baba, maana ndivyo kila mwananchi alivyoitwa enzi zile, "kama huyu mutoto alijitungia matusi, masomo yake inaisha leo. Kama aliona muntu wa kweli, atutajie. Huyo muntu njo nani?"

Nilimtazama mwalimu. Sentensi moja ingetosha: ni zoezi, nimelitoa mimi, mtu huyu hayupo. Yeye akawa anajikung'uta vumbi la chaki ambalo mimi sikuliona. Anakung'uta tu! Yeye aliyetufundisha kujichungulia ndani! Nasema wazi, namchukia hadi kesho.

Nikafungua mdomo nikiri. Baba akaniwahi.

"Huyo muntu njo miye," akasema. "Mutoto aliandika vile aliona."

Mama yangu wee! Baba ambaye hakukosa salongo, ile kazi ya umma ya lazima, hata akiwa na homa! Wakamwambia pale pale asirudi tena relini. Mimi wakaniambia nirudi darasani, nikakataa, nikatoka naye.

Njiani nililia kwa hasira, nikamkaripia baba yangu mzazi kama mtoto mwenzangu. "Kwa nini umesema uongo? Mtu huyo hayupo! Ni mimi niliyetoa funza kwa beji yako!"

Hakupandisha sauti.

"Najua, mama," akasema. "Asubuhi nilikuwa nakuta damu ku pini. Nilipanguza, nikavaa, nikaenda kazi."