Chakula cha Msumeno

Mke wangu alifundisha hesabu darasa la tano kwa miaka ishirini na sita. Watu wote walimwita Mwalimu, na mimi nikamwita hivyo hivyo, hata jikoni. Yeye aliniita Fundi. Majina mengine tulikuwa nayo, lakini yalikaa kwenye vyeti.

Shule mimi sikwenda. Kusoma na kuandika alinifundisha yeye, mezani, tukiwa tayari na watoto wawili. Herufi nilizishika. Hesabu za sehemu, zile zenye nukta na zile za asilimia, nilimwachia mwenyewe. Mimi ni seremala. Nilikuwa na kamba, penseli na jicho. Nikitaka nusu ya ubao nakunja kamba mara moja, nikitaka robo naikunja tena. Siku moja alinikuta nikifanya hivyo kwenye mlango wa jirani. Akacheka, akasema kumbe hiyo ndiyo kazi anayohangaika nayo wiki nzima na watoto arobaini.

Wiki iliyofuata watoto wake walikuwa wanakunja karatasi. Kila mmoja alipewa ukanda mwembamba, akaukunja, akasema ana nini mkononi. Nusu. Robo. Thumni. Theluthi ndiyo iliyowatoa jasho, maana theluthi haitaki pupa.

Kamba yetu ya kuanikia nguo nayo aliichukua. Aliifunga darasani, sifuri upande wa mlango, moja upande wa dirisha. Watoto wakaja na kadi zao na vibanio. Nusu, 0.5 na asilimia hamsini zilitakiwa kukaa kwenye kibanio kimoja. Wakakosea wote kosa moja: 0.25 waliibana mbele ya 0.5, kwa kuwa ishirini na tano ni kubwa kuliko tano.

Nilikuwepo siku hiyo, natengeneza madawati nyuma ya darasa. Hakuwakemea. Alichora miraba mia kwa chaki sakafuni, akaita watoto ishirini na watano, kila mmoja akasimama kwenye mraba wake. Akauliza 0.5 itachukua mingapi. Wakaanza kujaza safu tano, kumi kumi. Watoto wakaisha kabla ya miraba. Ikabidi wavue viatu kumi waviweke kwenye iliyobaki. Kisha wakarudi kwenye kamba wenyewe, kimya kimya, wakahamisha kadi.

Mtoto mmoja akasema haba na haba hujaza kibaba. Mwalimu akamuuliza, "Haba ngapi?"

Msemo huo ukaniharibikia hapo hapo. Mpaka leo nikiusikia nauliza haba ngapi. Nguo zetu wiki ile zilikauka juu ya uzio.

Halafu akaniagiza vipande kumi. Alitaka fremu ya mbao, ndefu kama mkono wangu kutoka begani, na ndani yake vipande kumi vilivyo sawa, vikikaa vyote vijae pasibaki nafasi. Kila kipande angekiandika pande tatu: moja ya kumi, kisha 0.1, kisha asilimia kumi. Mtoto akigeuza kipande aone ni kitu kile kile kimebadilisha shati.

Kazi ya asubuhi moja, nikasema. Nikakata ubao ulioenea fremu barabara, nikaugawa kumi, nikakata, nikapiga msasa, nikapeleka. Jioni akarudi navyo.

"Fundi, sehemu zangu kumi hazifiki moja."

Nikavipanga. Pengo lilibaki mwishoni, unene wa kidole gumba. Nikamweleza kwamba huo ndio ubao. Msumeno ukipita unakula. Umepita mara tisa, umekula mara tisa, na unga wake uko sakafuni kwenye karakana akitaka kuuona.

"Basi upe chakula chake nje ya hesabu yangu," akasema, akaenda kupika.

Nilikata upya. Safari hii nilianza na ubao mrefu zaidi, nikaacha nafasi ya mdomo wa msumeno kila mahali. Vikajaa. Ilibidi ugeuze fremu uigonge ndipo vitoke. Hakunisifu. Aliviandika kwa wino mweusi usiku huo huo, na kesho yake kutwa alikuwa anaimba.

Miaka ikapita ishirini na miwili. Mgongo ukanikataa, nikafunga karakana. Yeye akaendelea. Mwaka huu alifundisha miezi miwili tu. Wiki ya mwisho alirudi na kipande kimoja nyumbani, kwa sababu maandishi yalikuwa yamefifia. Aliandika upya upande wa kwanza na wa pili, taratibu. Akasema wa tatu atamalizia kesho. Kesho yake tukampeleka hospitali. Siku tatu.

Mazikoni jirani aliniambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Alikuwa na nia njema.

Kipande nikakitia mfukoni mwa koti. Maandishi yake mengine hapa nyumbani ni ya haraka: sabuni, chumvi, betri. Hiki alikiandika kwa utulivu. Nilijua si changu, ni cha shule. Sikukirudisha.

Mwezi wa pili baada ya mazishi akaja mwalimu mpya, binti mdogo, chaki kwenye mkono wa blauzi. Akanipa shikamoo, nikampa kiti. Alisema amefungua kabati la marehemu na kukuta kila kitu mahali pake, kamba, vibanio, kadi zimefungwa kwa mpira. Tatizo ni vipande. Viko tisa. Amewaambia watoto wakisie cha kumi, nao wamekuwa wakimcheka. Mmoja kati yao ameanza kuandika kwamba tisa ni nzima.

"Nimesikia ni wewe uliyevitengeneza, baba. Naomba kimoja tu."

Mkono wangu ulikuwa mfukoni, umekishika. Nikamwambia nitaleta Alhamisi. Akashukuru sana, na shukrani zile zikaniuma zaidi kuliko kama angenidai.

Nikafungua karakana. Vumbi tupu. Nikaokota kipande cha mbao nyeupe, nikakilaza kando ya kile cha Mwalimu, kilichokwisha kuwa cheusi kwa mikono ya watoto, nikakata, nikapiga msasa mpaka kidole hakioni tofauti. Mpango wangu ulikuwa huo. Cheupe waende nacho, cheusi kibaki na mimi. Hakuna atakayejua.

Alhamisi watoto wakasimama wakaniamkia kwa sauti moja. Mwalimu mpya aliweka fremu mezani, wakazunguka. Mbele kabisa alikuwa msichana mmoja mwembamba ambaye wenzake wanamwita Wakili, kwa kuwa hakubali jibu kabla hajalihoji. Yeye ndiye aliyepewa kupanga. Akaweka tisa, akaweka changu cheupe cha kumi, akavisukuma vyote upande mmoja.

Pengo.

Si kubwa. Kidole kidogo cha Wakili kiliingia. Watoto wakanitazama. Mimi nikatazama mkono wangu. Nilidhani umenisaliti, kama mgongo. Au nimekosea kupima kwa sababu nilikuwa naiba huku napima.

Nikaona aibu ya kuondoka na uongo mara mbili, kipande cha shule mfukoni na pengo mezani. Nikatoa kile cha Mwalimu mfukoni. Nikatoa cheupe, nikaweka chake mahali pale. Mwalimu mpya akauona mwandiko. Akanitazama, akainamisha macho.

Pengo likabaki lile lile.

Nikavichukua vipande kimoja kimoja nikavipitisha kwenye mwanga wa dirishani. Ndipo nikaona. Ncha zote zilikuwa zimelika, zimekuwa duara kidogo, kama sabuni. Watoto wamevigonganisha kwa miaka ishirini na miwili. Kila mmoja ameondoka na unga kidogo kwenye vidole.

"Babu, usihangaike," Wakili akasema. "Hapo pana pengo tangu zamani."

"Nani kakwambia?"

"Mwalimu mwenyewe. Tukiuliza anasema hicho ni chakula cha msumeno wa Fundi, msikiguse."

Darasa zima likacheka. Lilikuwa linaijua hadithi yote: kidole gumba, unga wa sakafuni, na jinsi nilivyokasirika, jambo ambalo si kweli, sikukasirika. Nikauliza mbona hakunirudishia nitengeneze upya. Wakili akatafakari kidogo.

"Alisema Fundi wake ana mgongo, na hatakubali kukaa kitako akijua kuna kazi."

Nikaomba kiti. Mwalimu mpya akanipa chake. Akasema kwa upole kwamba karatasi ikikunjwa vizuri itaziba hapo, na kwamba kipande cheusi naweza kurudi nacho, cheupe kinatosha. Nikamwambia hapana. Mwalimu hakuwahi kupokea kutoka kwangu kazi yenye kiraka. Nikamwomba aniachie fremu na vyote kumi, anipe wiki mbili.

Zikawa tatu. Mgongo ulidai haki yake. Nilikaa kwenye stuli, nikakata kimoja au viwili kwa siku. Nilitumia mbao ngumu kuliko ya zamani. Kabla ya kukata nilipima mdomo wa msumeno, nikauwekea chakula chake mara tisa, nje ya hesabu. Binti yangu alinipigia simu akasikia kelele, akauliza nani yuko karakana. Nikamwambia ni mimi. Akaniuliza kama nimekula.

Siku ya kupeleka, vilijaa. Wakili alijaribu kuvitoa kwa kucha, akashindwa, akageuza fremu akaigonga mezani. Vikaanguka kumi. Havikuwa na maandishi. Mwalimu mpya akagawa kalamu za wino, kila kikundi kipande chake, pande tatu. Kikundi kimoja kiliandika 0.10, wakabishana na wenzao kama ni sawa na 0.1, wakaenda kuamua kwenye miraba mia aliyoichora mwalimu mpya sakafuni. Niliwaacha huko.

Wakili alinifuata mlangoni. Alikuwa na malalamiko.

"Babu, hivi vipya havina nafasi. Sasa msumeno utakula wapi?"

"Umeshakula nyumbani," nikamwambia. "Umeshiba."

Akaridhika, au akajifanya. Akarudi ndani.

Vile vya zamani viko hapa mezani ninapoandika, vyote kumi, kwenye fremu niliyovichongea ya pili, kipimo kile kile cha kwanza. Cha mwisho kina pande mbili zilizokolea na mmoja uliofifia. Pengo nimeliacha wazi. Kidole changu hakiingii.