Kipande cha Pafu Mbele ya Mwanga

Mara ya kwanza waliponipasua kifua, nesi alimkabidhi dadangu kikopo chenye kipande cha pafu langu ndani ya dawa, akipeleke maabara ya mjini kikapimwe. Dadangu hakufika maabara. Alirudi nacho nyumbani Mji wa Kale, akakiosha, akakivika kitambaa cheupe, akamwambia mchimba kaburi akifukie kando ya mama yetu.

"Dada, kile kilikuwa cha kupimwa!" nilimwambia, pumzi zikinikatika.

"Kupimwa nini? Kiungo cha Muislamu hufukiwa. Ulitaka nizunguke nacho mjini kama achari ya embe?"

Sikuweza kumlaumu. Mimi ndiye niliyemsomesha hivyo, enzi zangu za ualimu wa chuo cha Kurani.

Basi nikapasuliwa mara ya pili. Maabara wakakikata kipande hiki cha pili vipande vyembamba, wakavitazama kwa darubini, wakasema havijawatosha: huenda ni saratani, huenda ni makovu tu. Daktari akataka kupasua tena. Nilikuwa nimechoka. Kutoka kitandani mpaka penye maji ya udhu nilipumzika mara mbili. Nilimwomba Mola anikinge na kisu cha tatu, na kama hapana budi, anipe subira.

Binti yangu hufanya kazi Ulaya, kwenye mtambo wa duara, mkubwa kama mtaa mzima. Ndani yake, anasema, chembe za umeme hukimbizwa kwa kasi isiyo kifani, na zinapopindishwa njia hutoa eksirei kali kuliko ya hospitali yoyote. Aliomba sehemu ya kipande iliyobaki, iliyohifadhiwa ndani ya nta.

"Sisi hatukikati, Baba. Tunakizungusha polepole mbele ya mwanga, unapenya, tunakiona chote, hata kilicho chembamba kuliko unywele."

Niliridhia, daktari akakituma. Kila asubuhi dadangu aliniletea uji na swali lile lile.

"Kishafika?"

"Kimefika, dada."

"Haya. Pafu lishakwenda Ulaya, na mwenyewe hata pasi huna."

Siku moja baada ya adhuhuri binti yangu alipiga simu, akatuonyesha picha. Nilitarajia vivuli vyeupe kama vile vya hospitali. Niliona vyumba ndani ya vyumba, vifuko vya hewa visivyohesabika, na mishipa ikipita katikati yake. Subhanallah, miaka yote hii nimevuta pumzi bila kujua inapita wapi. Kisha akaisogeza picha. Huku kuta zilikuwa nene, vifuko vimebanwa.

"Daktari bingwa wa hapa ameitazama yote," alisema. "Si saratani, Baba. Ni makovu."

"Yatapona?"

"Hayaponi. Dawa huyachelewesha tu."

"Na kisu?"

"Daktari wako ameshaiona picha. Hapasui tena."

Dadangu aliinuka akaenda jikoni, nikamsikia akipenga kamasi. Nilisema alhamdulillah, nikairudia, kwa sababu ya kwanza ilitoka bila sauti.

Alasiri nilisali nimekaa kitini. Kisha nikajinyoosha kitandani kwa ubavu wa kulia, kama tulivyofunzwa, upande wenye kidonda cha kisu ambao kwa miezi nilikuwa sithubutu kuulalia. Uliniuma. Nikaulalia vivyo hivyo, maana sasa ulikuwa na ruhusa ya kupona.